Je, wajua kwa nini korona iliwabana akina mama wa Goma, mji wa Kongo ulio mpakani na Rwanda, kuliko waume zao?

Machi 2020, Rwanda na Kongo zilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, bidhaa hazikusimama kabisa kati ya Goma na Gisenyi, mji jirani upande wa Rwanda. Malori ya mizigo yaliendelea kupita. Aliyezuiwa ni mtu wa miguu, na pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya miji hiyo, mtu wa miguu mara nyingi ni mama mwenye beseni kichwani.

Biashara yake ni ya siku kwa siku. Asubuhi anavuka na jeto, kile kikaratasi cha kuvukia, ananunua nyanya Gisenyi, anaziuza Birere, mtaa wa Goma. Jioni anagawa pesa: hii ya bugali, hii ya makala ya kupikia, hii ya likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, inayobaki ndiyo mtaji wa kesho. Mpaka ukifungwa wiki moja tu, mtaji umeingia sufuriani. Baadaye wafanyabiashara wadogo waliruhusiwa kuunganisha mizigo kwenye gari moja, lakini gari linalipiwa, na faida ya beseni moja ni ndogo.

Hesabu za Shirika la Kazi Duniani zinaweza kukudanganya hapa. Kati ya 2019 na 2020, duniani kote, wanawake walipoteza ajira milioni 54, wanaume milioni 60. Utasema wanaume ndio walioumia. Ila wanawake wenye ajira walikuwa wachache tangu mwanzo: kwao ni asilimia 4.2 ya ajira zao, kwa wanaume asilimia 3.

Nyumbani nako, shule zimefungwa, watoto wote wako uani, na redio inasema nawa mikono, nawa mikono. Kwa maji gani? Ziwa Kivu liko pale chini, lakini mitaa mingi maji hubebwa: bidoni la lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, miguu juu ya mawe ya volkano. Kila agizo la usafi liliongeza safari ya mama au binti. Wapo akina baba waliochota, sikatai. Wengine walichota usiku wasichekwe.

Ebola ya 2018 hadi 2020 ilikuwa imeshatuonyesha hayo. Kati ya wagonjwa 3,470 wa mashariki mwa Kongo, asilimia 57 walikuwa wa kike. Kirusi hakichagui, anayemwosha na kumlisha mgonjwa ndiye anayemgusa.

Na mpaka ulipofunguliwa, mama aliyekwisha kula mtaji ilibidi akope kwanza, la sivyo akauze nyanya za mwenzake.