Eneo la ushawishi si himaya

Wiki iliyopita, katika baraza moja ya Mji Mkongwe, nilisikia tena ikisemwa kwamba mwaka 1886 bara ya Afrika Mashariki iligawanywa himaya mbili, ya Uingereza na ya Ujerumani, na mwengine akaongeza kuwa leo Djibouti ni himaya ya China.

Eneo la ushawishi ni sehemu ambayo dola kubwa inadai iwe na sauti kuliko dola nyengine, bila ya kuitawala. Maana ni hiyo tu. Linalotatanisha ni neno himaya. Tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa kitenzi kuhami, kwa hivyo asili yake ni ulinzi, na mwenye kulindwa hutakiwa atie saini, hata kama ameshurutishwa. Ushawishi, ambao ni wa ukoo mmoja na tashwishi, hauhitaji saini yake.

Makubaliano ya 1886 yenyewe, baina ya Uingereza na Ujerumani, yanayatenganisha mambo haya. Ujerumani ilikuwa imeshatangaza himaya yake Usagara na nchi za jirani mwaka 1885, lakini mstari uliochorwa sasa ulikwenda mbali zaidi: ulianzia mlango wa Mto Umba, ukapita kando ya Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria, na kila dola ikaahidi kwamba ng'ambo ya mstari huo haitatwaa ardhi, haitapokea himaya, wala haitazuia ushawishi wa mwenzake. Himaya imetajwa humo kuwa ni jambo mbali, na ahadi yote ni baina ya wakubwa wawili. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ambaye mamlaka yake bara yalikatwa hadi ukanda wa pwani wa maili 10, aliletewa shauri lililokwisha kuamuliwa, na hili huniuma kila ninapolisoma.

Unguja na Pemba ziliingia himayani mwaka 1890, pale Sayyid Ali bin Said alipokubali Uingereza isimamie mambo yake ya nje. Kiti cha Usultani kilibaki, na hali hiyo ikadumu hadi Disemba 1963.

Ama Djibouti, ina kambi za kijeshi za Ufaransa, za Marekani na, tangu 2017, za China, na serikali yake ndiyo inayowakodisha wote hao. Basi ndugu yangu wa barazani, hapo useme wakubwa wanashindania ushawishi, na neno himaya uliweke kwa mwaka 1890.