Kabla hamjawasha projekta kanisani

"Mbona DVD tumenunua wenyewe, tena risiti ipo?" Utetezi huu unasikika sana katika makanisa ya Marekani, yakiwemo yale ambayo ndugu zetu kutoka Kongo wanaabudu kwa Kiswahili. Risiti imekupa diski. Ruhusa ya kuionyesha hadharani ni kitu kingine, na kwa sheria ya nchi ile, "hadharani" ni mahali popote palipo wazi kwa umma, au palipokusanyika watu wengi nje ya familia na marafiki zake wa kawaida. Ukumbi wa vijana Ijumaa usiku umo. Kutotoza kiingilio hakuwaokoi.

Wengi hupotezwa na kifungu cha 110(3) cha Sheria ya Hakimiliki. Kinaruhusu, ndani ya ibada, kuimba nyimbo na kusoma maandishi yasiyo ya kuigiza bila kulipia. Kwaya iko salama, filamu haimo. Hata leseni mnayolipia ili kurusha maneno ya nyimbo ukutani haigusi filamu, ingawa mtunza hazina atakuapia kwamba "ya hakimiliki tulishalipa".

Kanisa linaloonyesha filamu mara kwa mara litafute leseni ya mwaka, kama ya CVLI, shirika linalotoa leseni za filamu kwa makanisa, ambayo bei yake hufuata ukubwa wa kanisa. Kwanza someni orodha ya watayarishaji wanaohusika: kampuni isiyokuwemo, filamu zake hamruhusiwi. Kwa onyesho moja, ombeni ruhusa ya filamu hiyo tu, kwa mfano kupitia Swank, kampuni inayotoa leseni za kuonyesha filamu. Andikeni jina la filamu, tarehe, ukumbi, idadi ya watu na kama kuna kiingilio.

Leseni ya mwaka ina masharti yake. Kwa kawaida hairuhusu kiingilio, wala kutangaza jina la filamu kwa umma. Tangazeni jina kwa waumini ndani. Bango linalotazama barabarani liandikwe "Usiku wa filamu", basi. Netflix nayo ina mkataba wake wa matumizi ya nyumbani, na leseni ya kanisa haiufuti.

Ile "sheria ya sekunde thelathini", kwamba kipande kisichozidi hapo ni bure, haipo. Kipande kifupi cha filamu katikati ya mahubiri nacho kinahitaji leseni, au hoja ya matumizi ya haki (fair use), yaani matumizi ambayo sheria inayakubali bila ruhusa ya mwenye kazi, na hoja hiyo haipimwi kwa saa ya mkononi. Mahakama inaweza kutoza dola 750 hadi 30,000 kwa kila filamu, na kufika 150,000 mkikosa kwa makusudi.

Balaa kubwa siku hizi ni matangazo mubashara, kwa sababu leseni ya ukumbini haifuati intaneti. Kabla kipande hakijaanza, fundi mitambo ageuzie kamera kwa mhubiri, kisha azime chaneli ya kompyuta kwenye sauti inayokwenda mtandaoni, huku spika za ukumbi zikiendelea. Akizima picha akasahau sauti, YouTube inaweza kuitambua filamu kwa sauti peke yake.