Kabla hujapiga nyundo ukuta wa kati: dhana potofu na ukweli kuhusu nyumba za Mji Mkongwe

Chumba cha chini kinataka kugeuzwa duka, ukuta wa kati unaonekana kubana nafasi, basi anaitwa fundi auondoe. Uamuzi huu unachukuliwa kwa wepesi mno mjini Unguja, na mara nyingi unategemea maneno ambayo kila mtu ameyasikia na hakuna aliyeyapima.

“Huu umegawa vyumba tu, haujabeba kitu.”

Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mkoko. Boriti ndefu za mkoko ni adimu, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba, upana wake kama mita tatu hivi, hata katika nyumba ya tajiri. Kila upana huo ukiisha, lazima pawe na ukuta wa kupokea vichwa vya boriti. Kwa hiyo uhesabu ukuta wa kati kuwa umebeba mpaka ithibitike vinginevyo.

Inua macho. Boriti zikiwa zimeukabili ukuta, vichwa vyake vimo ndani yake, mara nyingi kutoka vyumba vyote viwili. Kama pamepigwa dari ya jipsamu, fungua kipande uone. Kuugonga ukuta kwa ngumi hakukuambii lolote.

Boriti zikienda sambamba na ukuta, wengi hushusha pumzi mapema. Ukuta huo unaweza kuwa umebeba ukuta wa ghorofa ya juu, au ngazi, au unazishika kuta ndefu zisisukumike nje. Kuta hizi hazina nondo. Zimesimama kwa uzito wao na kwa kushikana.

“Tutaweka lenta kama ya mlango.”

Lenta ni boriti fupi inayobeba ukuta juu ya mlango. Tupige hesabu tuone kama itatosha. Mita moja ya ujazo ya mawe ya matumbawe na chokaa tuiwekee tani moja na nusu. Sakafu ya unene wa sentimita 20 ina kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Ukifungua mita tatu katikati ya vyumba viwili vya upana wa mita tatu, ukuta ulikuwa unapokea nusu ya kila upande: mita za mraba tisa, yaani tani 2.7. Juu yake kuna ukuta wa ghorofa ya kwanza, unene nusu mita, urefu wa kwenda juu mita tatu: tani 6.75 nyingine. Zinakaribia tani tisa na nusu, kabla hujahesabu watu, makabati na ghorofa nyingine. Kila ncha ya boriti mpya itashusha karibu tani tano mahali padogo, na tumbawe laini linasagika chini ya mzigo huo. Ndiyo maana mhandisi huagiza boriti ya chuma yenye kipimo chake, ikae juu ya vitako vya zege vya kutawanya mzigo, na msingi wa chini ukaguliwe. Na chuma hicho kipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, hewa yetu ni ya chumvi.

“Mirunda miwili mitatu itashikilia.”

Hapa ndipo roho za watu zilipo, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Boriti za vyumba vyote viwili lazima ziegemezwe, pande zote mbili za ukuta, si upande mmoja. Panga safu ya nguzo kiasi cha sentimita 60 hadi 90 kutoka ukutani, ili fundi apate pa kufanyia kazi. Juu ya nguzo pitisha ubao mnene unaokatisha boriti zote, kila boriti iuguse. Palipo na mwanya pigilia kabari. Chini pia laza ubao mnene, usiache nguzo itoboe sakafu. Ukifanya kazi ghorofani, nguzo ziendelee ghorofa ya chini, mahali pale pale, mpaka zifike ardhini.

Jeki za nguzo zikazwe hadi zishike, basi. Ukizidisha utainua sakafu na kuipasua.

Nguzo hizo zimeshika boriti tu. Ukuta wa juu bado unataka kubebwa: matundu hutobolewa juu ya sehemu itakayobomolewa, hupenyezwa vyuma vinavyotokeza huku na huku, na kila ncha huwekewa nguzo yake. Mafundi wanaoruka hatua hii wanaufanya ukuta wa tani kadhaa uning'inie kwa bahati.

Kabla ya yote, chokonoa vichwa vya boriti kwa bisibisi. Ukuta wa chokaa uliopigwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani, na boriti huoza pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki.

“Nyumba imesimama zaidi ya miaka mia, haitaanguka leo.”

Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la hapa Mji Mkongwe, lilijengwa mwaka 1883, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, ikaua watu. Umri si dhamana. Na ukishabomoa, usiku wa kwanza kupita salama hakuthibitishi kitu, kwani kuta hizi hukaa polepole. Paka plasta kidogo ya ukutani kukatisha kila ufa, andika tarehe, uangalie kama inakatika: ikikatika, ukuta bado unasogea.

“Nyumba yangu, ruhusa ya nini?”

Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kazi kama hii inapita kwanza kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe. Pia ukuta wako huenda ni ukuta wa jirani.

“Watu wa juu waendelee kukaa, ni kazi ya siku mbili.”

Wahame. Wasirudi mpaka mwanya kati ya boriti mpya na ukuta umeshindiliwa, mota imekauka na kushika, na nguzo zimelegezwa kidogo kidogo, safu zote mbili kwa pamoja. Mota ya chokaa huchukua wiki nyingi kuliko ya saruji, na mpangaji aambiwe hivyo tangu mwanzo.