Kuondoa ransomwea si kufungua mafaili

Ukipita kwa mafundi wa kompyuta hapa Dar, kuanzia Kariakoo mpaka Mwenge, utaisikia kauli hii: "Hii ina ransomwea, acha tuipige Windows," yaani waifute na kuiweka Windows upya. Mteja anakubali, anaacha laptopu, na jioni anarudishiwa mashine inayowaka vizuri isiyo na picha hata moja. Anaambiwa ransomwea imeondolewa. Ni kweli imeondolewa, ila imeondoka pamoja na mafaili ambayo ndiyo yaliyomleta dukani.

Ransomwea ni programu inayoingia kwenye kompyuta, inasimba mafaili yako, yaani inayageuza yasisomeke, kwa ufunguo ambao wewe huna, kisha inaacha ujumbe wa kudai hela ili upewe ufunguo huo. Si kila kirusi ni ransomwea. Flashi uliyoichomeka steshenari, ukarudi nyumbani ukakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, haina ransomwea: mafaili yako yamo humohumo, yamefichwa tu, na fundi anayeijua amri ya Windows iitwayo attrib, inayofichua mafaili, anayatoa muda uleule. Ukurasa unaojaa kioo kizima ukidai Microsoft wameifunga kompyuta yako na upige namba fulani, nao ni utapeli wa kwenye kivinjari. Funga kivinjari kupitia Task Manager, usipige namba hiyo, yameisha.

Ransomwea halisi ina alama zake. Jina la faili linaongezewa mkia. Lile lililokuwa michango_harusi.xlsx unalikuta limekuwa michango_harusi.xlsx.gero, picha yake ndogo imegeuka karatasi nyeupe, na hata ukiufuta mkia ule Excel inakataa kulifungua. Kwenye kila folda kuna _readme.txt inayotaka dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Hiyo ni familia ya STOP, au Djvu, iliyowaumiza sana watu wa kawaida majumbani, kwa sababu inasafiri ndani ya programu zilizokrakiwa na vile vifaa vya kuwezesha Windows na Office bila leseni. Wakati inasimba, hukuonyesha dirisha la uongo la Windows Update ili usubiri kwa utulivu.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Kuondoa ransomwea na kufungua mafaili ni kazi mbili, kila moja na vifaa vyake. Programu yenyewe ni faili dogo. Antivairasi ikilifuta, hujuma inasimama. Lakini mafaili yaliyokwisha kusimbwa yanabaki vilevile, kwa sababu hayana kirusi chochote ndani yake. Yameandikwa upya kwa hesabu zisizorudi nyuma bila ufunguo. Mwizi aliyebadilisha kufuli la stoo yako, hata akikamatwa, kufuli bado liko mlangoni.

Tofauti hii si ya leo. Mwaka 1989, Joseph Popp, mtaalamu wa biolojia kutoka Marekani, alisambaza kwa posta maelfu ya diski zilizodai kuwa na maelezo kuhusu UKIMWI. Programu ile ilihesabu mara ambazo kompyuta inawashwa. Ikifika kama 90 ilisimba majina ya mafaili na kutaka dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Jim Bates aliyeichunguza aliandika tiba, na tiba zenyewe zilikuwa programu mbili: AIDSOUT ya kuing'oa, na CLEARAID ya kurudisha kilichosimbwa. Tangu ransomwea ya kwanza kabisa, kazi hizi mbili zilitenganishwa. Na CLEARAID iliwezekana kwa sababu ufunguo wa Popp ulikuwa uleule kwa mashine zote, tena umo ndani ya programu yenyewe. Wahalifu wa leo wamejifunza kutoka kosa hilo.

Si wote, lakini, na si kila mara. Djvu ikishindwa kuifikia seva ya wahalifu wakati inasimba, hutumia ufunguo uliomo ndani yake, ambao wanaushiriki waathirika wengi wa toleo hilo. Angalia C:\SystemID\PersonalID.txt: namba ikiishia na t1, ni ufunguo wa namna hiyo, na ufunguo wa namna hiyo unaweza kupatikana siku moja. Oktoba 2019 Emsisoft, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa programu ya bure ya kufungua aina 148 za Djvu. Mei 2016 wahalifu wa TeslaCrypt, ransomwea nyingine, walitoa wenyewe ufunguo wao mkuu. Aliyekuwa ametunza mafaili yake yaliyofungwa aliyapata. Aliyepigiwa Windows hakuwa na cha kufungua. Tena Djvu husimba kipande cha mwanzo tu cha faili, kiasi cha kilobaiti 150, kwa hiyo video ndefu ya harusi mara nyingine hurekebishwa hata bila ufunguo.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito. Kwanza zima Wi-Fi na uchomoe flashi na diski zote za nje. Nakili mafaili yaliyofungwa, pamoja na ule ujumbe wa madai, kwenye diski usiyoitumia kwa kingine, kisha uitenge. Ujumbe ule usiufute, kwani ndio unaotambulisha familia: tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama, inaupokea pamoja na faili moja au mawili, halafu inakuambia kama kuna dawa ya bure. Hapo sasa ndipo unasafisha mashine, kwa Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, katika ukaguzi wake wa nje ya mtandao, au kwa kupiga Windows kama fundi alivyotaka. Usafi huu ni wa lazima, kwa sababu Djvu hujiwekea kazi ya ratiba inayoamka kila dakika chache, na bakapu utakayoichomeka kabla ya kusafisha itasimbwa pia. Kisha badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine, maana mara nyingi Djvu huja na mwenzake anayeiba nywila.

Kulipa hakukuhakikishii ufunguo. Kuripoti kunafaa, hasa ikiwa ni kompyuta ya ofisi: ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na TZ-CERT, kitengo cha dharura za mtandao chini ya TCRA, hupokea taarifa za mashambulizi ya namna hii. Ila huwezi kuripoti ushahidi ulioufuta asubuhi.

Kwa hiyo, fundi, nakuomba usimwambie mteja kwamba "ransomwea imetoka" ukaishia hapo. Mwambie: "Mashine nimeisafisha. Mafaili yako bado yamefungwa, nimeyaweka kwenye diski hii pamoja na ujumbe wao. Yatunze, na urudi kuangalia kama ufunguo umepatikana."