Usiruke Kurasa za Jangwa: Dhana Potofu Kuhusu Riwaya za Kauboi

"Mwanzo mzuri, lakini mwandishi anazunguka na majabali na mito weee, nikaruka mpaka penye risasi." Msomaji anayerudisha riwaya ya kauboi maktabani bila kuridhika karibu kila mara husema hivi, kisha huongeza kwamba kitabu hakina taharuki. Ataionaje, na ndiyo aliyoiruka?

Dhana: Taharuki iko kwenye risasi, maelezo ya nchi ni ya kujazia kurasa

Pambano la bastola ni fupi mno kubeba kitabu. Lile maarufu kuliko yote, la Tombstone, Arizona, Marekani, tarehe 26 Oktoba 1881, lilichukua kama sekunde 30. Zilifyatuliwa risasi zipatazo 30 na watu watatu wakafa. Hata mwandishi akilivuta namna gani, atapata kurasa mbili tatu. Zilizobaki, mia mbili na ushei, zinabebwa na nchi yenyewe: umbali, maji na farasi.

Anza na farasi. Akitembea huenda kilomita 6 hivi kwa saa. Akipandwa siku baada ya siku, kilomita 40 hadi 60 kwa siku ndizo anazozimudu. Mkimbize kwa nguvu zote, na kilomita tatu nne tu zitamkata pumzi. Hunywa lita 30 na zaidi kwa siku, na kwenye joto la jangwa hata hizo hazimtoshi.

Sasa rudi kwenye ukurasa ulioruka. Mwandishi alikuambia kisima kiko mwendo wa siku mbili, kiatu cha mguu wa mbele wa farasi kimeanza kulegea, na upande wa kusini kuna vumbi linalonyanyuka. Kila kimoja kina kazi. Kiatu kikitoka penye mawe, kwato humeguka, farasi akachechemea, mpandaji akashuka na kumwongoza kwa miguu. Siku mbili zimekuwa nne, na maji aliyobeba yalikuwa ya siku mbili. Wale wa vumbi nao wanakijua kisima hicho, kwa hiyo hawana haja ya kumkimbiza. Watatangulia na kumngoja hapo. Kurasa 30 mbele, anapoinama kunywa na risasi ikapasua jiwe kando yake, aliyesoma yote alikuwa ameshika roho tangu juzi yake. Aliyeruka anaona mkosi tu uliotokea ghafla, halafu anamlaumu mwandishi.

Makorongo ni hivyohivyo. Ukisoma kwamba watu wamepiga kambi kwenye mchanga wa korongo kavu, na kuna wingu zito juu ya milima ya mbali, weka alama. Mvua ya huko juu hushusha maji korongoni kwa kishindo hata kama kambini halijadondoka tone. Msomaji wa Turkana au Dodoma hahitaji kufundishwa hilo.

Dawa ninayompa kila mtu ni penseli na kipande cha karatasi. Mwisho wa kila sura andika mistari mitatu: maji yako wapi, farasi ana hali gani, zimebaki siku ngapi. Chora duara kwa kisima, mstari kwa njia, na mshale wa upepo kila unapotajwa, kwa sababu moshi wa moto wa kambi na harufu ya farasi hufuata upepo. Usihangaike na uzuri wa mchoro. Baada ya sura chache utaiona hatari kabla ya mhusika, na huna namna ya kumwonya.

Hata pambano la wawili barabarani linategemea saa kuliko bastola. Mwandishi Owen Wister, aliyelipa umaarufu katika riwaya yake *The Virginian* ya mwaka 1902, alimfanya adui ampe shujaa muda: aondoke mjini kabla jua halijazama. Kesho yake ni harusi, na mchumba anamwambia akienda kupigana, harusi haipo. Sura nzima inabanwa na jua linaloshuka. Ufyatuaji wenyewe ni mistari michache.

Dhana: Hesabu risasi sita

Wasomaji huhesabu risasi ili wajue bastola ya mhusika itaisha lini. Hesabu tano. Bastola ya Colt ya 1873 ina vyumba sita vya risasi, lakini nyundo yake, kipande kinachogonga risasi, ilikaa juu ya chumba kimoja, na bastola ikianguka au ikigongwa, risasi iliyo humo ingeweza kufyatuka. Waangalifu waliacha chumba hicho kitupu. Tena baruti ya zama hizo ilitoa moshi mweupe mzito. Baada ya risasi chache ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna anayemwona mwenzake. Na kuanzia 1878 Colt iliuzwa pia kwa risasi zilezile za bunduki ya Winchester ya 1873, hivyo mhusika anayesema ana mfuko mmoja tu wa risasi huenda bado ana silaha mbili.

Dhana: Shujaa hushinda siku zote, basi hakuna cha kuhofia

Swali huwa atapoteza nini. Mwandishi akianzisha hadithi ya ng'ombe Montana mwishoni mwa 1886, ajuaye historia anatetemeka tayari: majira ya baridi ya 1886–87 yaliua ng'ombe malaki kwenye nyanda zile. Kulijua hilo mapema kunazidisha hofu.

Dhana: Ni hadithi za Wazungu watupu

Sivyo. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu robo ya wachunga ng'ombe walikuwa Weusi, na ufundi wenyewe, kamba ya kunasia ikiwemo, ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa naibu wa mashali (ofisa wa kusimamia sheria) wa serikali kuu ya Marekani kuanzia 1875, akisaka wahalifu katika Oklahoma ya leo.

Wenyeji wa asili nao si kundi moja la kutishia watu. Waapache wa kiongozi Geronimo, waliosalimu amri Septemba 1886, walipigana milimani kwa vikundi vidogo. Wakomanche walitawala nyanda kwa farasi. Riwaya isiyotaja ni taifa gani linashambulia, na kwa sababu gani, irudishe kabatini.

Dhana: Toleo lolote ni sawa

Kwenye vitabu vya mitumba angalia ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu, pale penye mwaka na mchapishaji. Kikiwa kimefupishwa, kwa kawaida patasema hapo. Wafupishaji huanza kukata mandhari, yaani visima, kwato na mawingu. Lipia kidogo zaidi upate toleo kamili.