Kabla hujagusa seti za leza, ipime poda

Kwenye kuchapisha vipande vya metali kwa 3D, leza inayeyusha poda ya metali tabaka kwa tabaka, na kipande kikitoka na vitundu, wa kwanza kulaumiwa ni leza. Mara punguza spidi, mara ongeza wati, wiki nzima inaisha watu wanachezea seti na poda iko kwenye ndoo yake kimya, hamna hata aliyeipima.

Mashine nyingi za leza zinakula poda ya mikroni 15 hadi 45 hivi na tabaka moja ni kama mikroni 30 mpaka 60, sasa hapo chembe zikigandana kidogo tu, tabaka linatoka na mifereji, penye unene leza haifiki chini, unabaki na tundu lenye kona kona. Hilo ndo baya kuliko yote, ufa unapenda kuanzia kwenye kona.

Tundu la duara ni stori nyingine. Poda inayotengenezwa kwa kupulizia metali iliyoyeyuka gesi ya agoni, kuna chembe zinazaliwa na gesi tumboni. Utaambiwa si tutakikandamiza kipande kwa joto na presha, sawa, tundu linasinyaa, ila agoni haiyeyuki kwenye metali, iko mle mle, ukija kukipasha tena kwa joto kali bila presha linaweza kuvimba upya. Kwenye alumini adui ni unyevu, yale maji juu ya chembe yanatoa haidrojeni, metali ikiganda yanabaki mapovu. AlSi10Mg (aloi ya alumini) ya ndoo iliyoachwa wazi naikausha kwanza, sibishani na mtu.

Lakini inayonisumbua zaidi ni poda ya titani iliyorudiwa rudiwa, ile isiyoyeyuka inakusanywa na kutumika tena. Ti-6Al-4V (aloi ya titani) gredi ya 5 mwisho wa oksijeni inayoruhusiwa ni asilimia 0.20, gredi ya 23 ni 0.13, na poda inaokota oksijeni kila raundi. Utamu wa huu mtego (kama ni utamu) ni kwamba kipande kinazidi kuwa na nguvu ukikivuta, ripoti inapendeza, kumbe kinazidi kuwa kikavu, hakinyumbuki. Na poda ya zamani mara nyingi inatiririka vizuri kuliko mpya, vile vichembe vidogo vidogo vimepungua, kwa hiyo kipimo cha faneli, gramu 50 kwenye tundu la milimita 2.5 huku unahesabu sekunde, kinapita freshi kabisa. Oksijeni hakiioni.

Siku hizi nikiletewa kipande kilichopasuka nauliza kwanza poda imezunguka mara ngapi. Jibu mara nyingi ni "nyingi tu".