Kabla hujawaita wanachuo kuwalea wadogo zao wa sekondari

Kupata wanachuo mia moja wa kujiandikisha kuwa walezi wa kujitolea wa wanafunzi wa sekondari ni kazi ya asubuhi moja. Weka meza nje ya ukumbi wiki ya kupokea mwaka wa kwanza, na hadi saa saba daftari limejaa majina. Swali ni wangapi watakuwa bado wanakwenda shuleni mwezi Mei, baada ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), baada ya bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) kuchelewa, na baada ya test tatu ndani ya wiki moja. Sisi tunaoshughulika na ushauri wa wanafunzi vyuoni tungependa shule, asasi na serikali za wanafunzi zianze kuhesabu hao wa Mei.

Mlezi anayetoweka anaumiza, na hili limepimwa. Marekani kuna mpango wa zamani unaoitwa Big Brothers Big Sisters, ambao mizizi yake ni New York mwaka 1904, unaomkutanisha kijana mmoja na mtu mzima mmoja wa kujitolea. Tathmini yake iliyotoka mwaka 1995 ilifuatilia vijana 959 wa miaka 10 hadi 16. Waliopewa mlezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza dawa za kulevya, na siku walizotoroka shule zilikuwa nusu tu ya zile za wenzao. Watu wengi huishia kusoma hapo. Lakini mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walizirudia takwimu zilezile wakiangalia uhusiano ulidumu muda gani. Faida kubwa ilikuwa kwa vijana waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini na katika kujiamini kimasomo. Mazingira ya huko si ya kwetu, sawa, lakini mtoto aliyeahidiwa mtu kisha akamkosa anajisikia vilevile, awe Chicago au Mbagala.

Kwetu Tanzania kikwazo kikubwa ni kalenda. Sekondari inafungua Januari na kufunga Desemba. Vyuo vikuu vingi vinaanza Oktoba au Novemba na kumaliza Julai, na mitihani ya muhula wa kwanza inaangukia karibu na Februari. Kisha wanachuo wengi wanatawanyika kwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, huyu Mtwara, yule Kigoma, miezi ileile ambayo kidato cha pili na cha nne wanajiandaa kwa mitihani ya taifa ya Novemba. Kwa maneno mengine, mlezi anaondoka hasa mtoto anapomhitaji. Ukiandaa mpango bila kuliangalia hili, umekwishaandaa kuvunjika kwake.

Yapo ya kufanya. Tangazeni nafasi Novemba, wafundisheni Desemba, waanze Januari shule zikifungua, na wiki za UE zijulikane tangu mwanzo kuwa hakuna kikao. Wapangeni walezi wawili kwa kikundi cha watoto watano au sita, mmoja wao awe na uhakika wa kufanya field mjini hapohapo. Aliye mbali aandike barua kupitia kwa mwalimu, kwa kuwa shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Mwaka wa pili wanafaa kuliko wa kwanza, ambao bado wanatafuta kumbi za mihadhara, na kuliko wa tatu, ambao akili zao ziko kwenye ripoti ya utafiti na kazi.

Tangazo lenyewe liwe wazi kiasi cha kuwafukuza wengine. "Njoo ubadilishe maisha ya kijana" litakuletea umati. Hili litakuletea watu: "Wanahitajika wanafunzi 12 wa mwaka wa pili. Kila Jumatano saa 9:30 hadi 10:30 alasiri, sekondari ya kata jirani na chuo, Januari hadi Novemba. Ukiwa field utaandika barua. Nauli ipo, posho hakuna." Mpeni CR (mwakilishi) wa kila darasa alitume kwenye kundi la WhatsApp. Na nauli itolewe siku ileile, mkononi. Bumu likichelewa, mwanachuo anaruka mlo. Hatapanda daladala mbili kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, na hatuna haki ya kumlaumu.

Kwenye usaili msiulize "kwa nini unapenda vijana", maana majibu yote yatafanana. Ulizeni hivi: una test Jumatano saa 9, na watoto wanakusubiri saa 9:30, utafanyaje? Anayesema "nitajitahidi" mwekeni pembeni. Anayesema atampigia mwalimu Jumatatu ili watoto waambiwe mapema, huyo ameshaelewa kazi.

Msikimbilie wenye GPA kubwa tu. Aliyepata daraja la tatu, akapita stashahada, akaingia chuo kikuu akiwa amechelewa miaka miwili, ana mengi ya kumwambia mtoto anayejaza Selform (fomu ya kuchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, au chuo) bila kujua tahasusi ipi inampeleka wapi. Anajua mlango ukifungwa unazungukia wapi. Na anayetaka cheti kwa ajili ya CV asionekane mroho. Mpeni, ila kitoke Novemba, si siku ya mwisho ya mafunzo.

Usalama hauna mjadala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18, yaani karibu wote wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwanachuo wa miaka 21 na binti wa miaka 17 wametofautiana kidogo sana kiumri, na hilo ndilo jambo la kusemwa waziwazi siku ya mafunzo, pamoja na kwamba mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Kila mwombaji alete barua za watu wawili wanaomfahamu, mmoja nje ya chuo, na wapigieni kweli. Vikao vifanyike shuleni, mahali panapoonekana. Hakuna kukopeshana, hakuna kuchati usiku, hakuna mtoto kupelekwa geto hata kama ni kuchukua kitabu. Mtoto akifichua kwamba anapigwa au anaingiliwa nyumbani, mlezi asiahidi siri. Amwambie mwalimu wa ushauri na unasihi siku hiyohiyo, na anaweza pia kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Wazazi waandikiwe kabla ya kikao cha kwanza, wajue nani anakutana na mtoto wao na siku gani.

Kuondoka nako kupangwe. Mlezi anayehitimu au anayehama awaambie watoto yeye mwenyewe, mwezi mmoja kabla, na kikao chake cha mwisho akifanye pamoja na anayempokea. Kama mrithi hajapatikana, watoto waambiwe hivyo pia, na mwalimu wa unasihi ashike kikundi mpaka apatikane.